Video za Shemeji Yako

Kanazawa, Novemba

Dada Orla,

Soksi zimefika, na zimefika wakati wake, maana baridi imeanza. Umeniuliza habari za shemeji yako na video zake. Bwana Desmond! Miaka tisa Japani hajui hata kuomba chumvi kwa Kijapani, lakini anawafundisha watu mtandaoni "roho ya Mjapani".

Juzi katika video alimcheka jirani yetu, Bibi Hamamoto, aliyekuwa akisugua mtaro kwa mswaki. Bibi akaniuliza, "Mumeo anasema nini juu yangu, mwanangu?"

Nikamtafsiria yote, neno kwa neno. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na kamera aliishika nani?"

Niliishika mimi, Orla.

Nimemwachia Desmond kamera yake mezani, nikahamia chumba kilicho juu ya duka la tofu. Mama usimwambie kwanza.

Mdogo wako,
Maeve