Sambusa Kwenye Kabati la Mablanketi

Alhamisi, chungu cha kumi na tisa cha Ramadhani. Jua la Kisauni limewaka kutwa, na mimi bado nahisi baridi.

Wacha nianze na sifa zangu, maana nisipojisifu mimi atanisifu nani? Mimi ni mtu wa bahati. Tangu niajiriwe kuhudumu katika chumba cha upasuaji, hakuna mgonjwa aliyepata neno mikononi mwangu. Majirani wa Mtopanga huniita daktari, na mimi niliyeishia kidato cha pili huitika bila haya.

Kazi yangu kubwa ni joto. Chumba kile baridi yake ni ya jokofu la samaki, na mtu akishatiwa usingizi, mwili wake hauwezi kujipasha wenyewe. Ndiyo maana lipo kabati la umeme la kupashia mablanketi, na ufunguo wake ninao mimi.

Jana aliletwa Bi Mwanahamisi wa Bombolulu, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza uani. Moyo wake una maradhi ya miaka mingi. Daktari wa usingizi akanishika bega.

"Huyu asipate baridi hata kidogo. Akianza kutetemeka, moyo utafanya kazi maradufu, na nguvu hiyo hauna."

Nikamwambia, daktari, umemwachia mtaalamu.

Sasa aibu yenyewe.

Tangu mwezi uandame, mimi ndiye ninayewapashia wenzangu futari. Sambusa, mahamri, viazi karai, vyote natia kwenye kabati lile tangu alasiri, ili adhana ikilia kila mtu ale cha moto. Wananipenda kwa hilo, na mimi napenda kupendwa. Jana trei zilikuwa mbili. Nikayatoa mablanketi yote nikayarundika juu ya meza, nikasema nitayarudisha. Nilipoitwa, yalikuwa yamepoa kabisa.

Nikayapeleka vivyo hivyo. Nikamfunika bibi wa watu huku nikimtania kwamba nampamba kama biharusi.

Alitoka kwenye upasuaji meno yakigongana, kitanda kizima kikitikisika. Mashine ya moyo ikawa yalia ovyo ovyo. Daktari akaja mbio, wengine wakakimbilia wodini kutafuta chochote cha kumfunika. Sista Mwende, mkubwa wangu, akaniuliza kabati lina nini. Nikasema limeharibika.

Katikati ya kutetemeka kule, Bi Mwanahamisi akafungua jicho moja akaninong'oneza, "Mwanangu, blanketi lako lanuka sambusa."

Wote wakacheka, wakadhani ni dawa ya usingizi inayomsemesha. Nami nikacheka. Nilicheka kuwashinda wote.

Moyo wake ulitulia baada ya magharibi. Leo binti yake amenikuta mlangoni mwa wodi, akanishika mikono yote miwili. Jana aliniona nikimsugua mamake miguu. "Kakangu, Mungu akulipe," akasema, akaniombea dua mimi na wanangu. Sikuweza hata kuitikia amin. Niliogopa kulipwa.

Na lile kabati, zima kama lilivyonunuliwa, limechomolewa na kubandikwa karatasi, lasubiri fundi wa wiki ijayo. Kesho yupo mzee mwingine wa kupasuliwa, naye ni wa moyo. Hatakuwa na blanketi la moto kwa sababu ya ulimi wangu.

Nimempigia simu Sista Mwende baada ya kufuturu. Nilidhani nitaanza na mzaha, kama kawaida yangu. Nikajikuta nasema tu kwamba kabati ni zima, nilitia sambusa.



"Kesho saa kumi na mbili uwe hapa," akasema. "Ulioshe, uliwashe. Halafu utakwenda kwa yule binti, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe."

Nitakwenda. Kazi ikienda, na iende.

Na yale niliyoandika hapo juu, kwamba mimi ni mtu wa bahati na hakuna aliyepata neno mikononi mwangu, ni uongo.