Herufi za Jiwe la Baba

Mkolani,
Mwanza.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Chenge,

Marahaba. Naitikia mapema, maana shikamoo yako huchelewa kama kawaida. Hujambo? Mgongo umepona? Wifi yangu Odeta na watoto ni wazima? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini uji anakoroga mwenyewe na hataki msaidizi. Mimi nipo dukani Mirongo na vitenge vyangu, na mafua kidogo.

Nakuandikia kwa karatasi, na jirani yetu Justa anayekuja huko Uingereza ndiye mchukuzi. Kwenye simu ungenikatiza ili unisahihishe. Humu utasoma mpaka mwisho.

Chenge, umenichosha. Tulikuomba uyapitie maneno ya Kiingereza ya jiwe la kaburi la baba, basi. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kulala chini ya jiwe lenye makosa, hilo nilikubali. Lakini wewe ukaligeuza kundi la ukoo la WhatsApp kuwa darasa. "Lake" ianze na herufi kubwa kwa sababu inakwenda na Victoria, ni jina. Ziwa likitajwa peke yake, ndogo. Mwanza kubwa, mashariki ya Mwanza hiyo mashariki ndogo. Halafu ukafika kwenye "headmaster", ule ualimu mkuu wa baba: cheo kikitangulia jina la mtu, kubwa, kikifuata nyuma ya jina, ndogo.

Hapo ukachokoza nyuki. Baba mdogo Jonathan alisimama sebuleni na fimbo yake akasema, "Yaani ziwa lipewe kubwa, halafu kaka yangu aliyesomesha nusu ya Kisesa apewe ndogo? Mnamshusha cheo yuko kaburini, hana hata pa kukata rufaa!" Nikamweleza kwamba ni kanuni tu, si dharau. Akajibu kwamba kanuni za watu wasiokuja kuzika hazimhusu, akachukua kofia, akasusa vikao. Na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiwe.

Wewe nawe ukamjibu kwa ujumbe mrefu wenye mifano. Mifano, Chenge! Mtu mzima amenuna, unampa mifano. Fundi Longino akawa ananipigia kila kukicha kuuliza achonge ipi, marumaru imekaa tu uani kwake kuku wanaiparamia.

Baada ya Pasaka uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia Longino achonge yote kwa herufi kubwa, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Baba mdogo alikwenda palepale uani, akapitisha kidole kwenye HEADMASTER, akafurahi utadhani amepandishwa cheo yeye. Jiwe limeshasimama Kisesa, kwa hiyo usinitumie sahihisho lolote.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Ukiulizwa habari za herufi unajibu papo hapo. Ukiulizwa utakuja lini, kimya, kama simu imeingia maji. Hukuja kuzika, tukaelewa, vibali vyako vilikuwa havijatoka. Sasa vimetoka, na likizo unayo, Odeta ameniambia. Unaogopa tutakusema? Tutakusema. Kisha tutakukaangia sato.

Jiwe bado limefunikwa kitambaa, na kwetu kitambaa hicho hufunuliwa na mtoto wa kiume, na wa kiume ni wewe peke yako. Padre yuko tayari kubariki. Baba mdogo alijitolea akifunue yeye, mama akakataa katakata. "Mwanangu yupo," alisema. "Hajafa." Kila Jumapili baada ya misa anakwenda Kisesa, anakung'uta vumbi, anakaza kamba, anarudi nyumbani. Kitambaa kimeshapauka kwa jua. Mama hajalisoma jiwe la mume wake hata mara moja.

Baba mdogo anakusalimu, shingo upande. Mwanangu Queen anamsalimu mjomba wake na anauliza kama huko kuna dagaa. Mbusu Odeta na watoto kwa niaba ya mama.

Neno la mwisho. Chini kabisa ya jiwe Longino amechonga majina ya watoto wa marehemu, GETRUDA na CHENGE. Herufi zako ni kubwa sawasawa na zangu, sikukupunja. Jina lako limeshafika kwa baba. Umebaki wewe.

Mungu akufungulie njia, na akuzibue masikio.

Dada yako akupendaye hata anapokufokea,

Getruda