Mkono wa Fridah

Kimilili, 3 Machi 2025

Nelima,

Wewe una akili gani? Unatuma Kizito wa vitunguu aje kuniambia, mbele ya watu wa kanisa, ati niokote maganda ya konokono! Nilikusomesha ualimu ndio unirudishe kuinama kwa migomba na magoti haya?

Haya, hujambo? Mimi nipo. Mgongo unauma, mvua bado.

Nimeokota ishirini na nne. Nimechemsha, hayanuki. Kizito anasema unafundisha watoto wa chekechea vitu vinavyojizungusha kama konokono. Hata jongoo ukimgusa anajikunja hivyo, na huyo hakuna haja nikutumie, Kitale wamejaa. Wape watoto washike na mikono. Usiwachoree tu kwa ubao.

Na mbona hukusema habari ya Fridah? Mtoto wako ni mgonjwa?

Kukhu wako, mama ya baba yako

---

Kitale, 9 Machi 2025

Kukhu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Sisi tu wazima, ila uchovu. Watoto ni arobaini na sita na mwalimu ni mimi peke yangu.

Maganda yamependwa sana. Mtoto mmoja, Sifuna, alikataa kurudisha lake, akasema konokono atakuja kulitafuta. Tulipitisha kidole kutoka katikati hadi nje, kisha wakachora.

Fridah si mgonjwa. Shida ni mkono. Hapa darasani kwangu anachora na wa kushoto, na mchoro wake unazunguka kinyume. Maganda yote yanazungukia kulia, lake linaenda kushoto. Nilimrekebisha mara tatu, wenzake wakacheka. Walimu wanasema mtoto wa mwalimu akiharibika, mwalimu ndiye anachekwa. Sasa wakati wa kuandika namfunga huo mkono na leso, azoee wa kulia. Si kwa ubaya, Kukhu.

Mjukuu wako, Nelima

---

Kitale, 23 Machi 2025

Kukhu,

Hujambo huko? Kizito amekuja sokoni mara mbili mikono mitupu. Umenikasirikia?

Fridah hashiki chaki tena. Asubuhi anasema tumbo linauma. Hata nyumbani anaficha mkono ndani ya sweta, anakula na wa kulia huku uji unamwagika. Juzi ameniuliza kama huo mkono utakatwa. Leso bado namfunga, kwa sababu nikiacha sasa ataona ameshinda. Nimechoka. Niambie nifanye nini.

Nelima

---

Kimilili, 25 Machi 2025

Nelima,

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na matusi, na matusi hayapiti kwa Kizito. Salamu utajisalimia mwenyewe.

Mnasema niliacha shule darasa la kwanza ili nichunge ng'ombe. Mimi ndiye nilisema hivyo, na ni uongo. Mwalimu alinifunga mkono wa kushoto na kamba ya katani. Siku tisa. Ya kumi nilipita shule nikaenda mtoni, na sikurudi. Kuandika nilikuja kufundishwa kanisani nikiwa na watoto watano, na mkono wa kulia, ndio maana unaona herufi zangu zimelala kama walevi. Lakini jembe nashika na kushoto, na shambani hakuna mtu ananiacha nyuma.

Jana nilikuwa nachuma majani ya boga. Ile kamba yake nyembamba inayojishikiza kwa fito za ua, umewahi kuiangalia? Sisi tunaikata tu tunatupa. Inajizungusha upande mmoja, ikifika katikati inageuka, inajizungusha upande ule mwingine. Kamba hiyo hiyo moja! Nimekata kumi na moja nikaangalia, zote hivyo. Na zinashika, bana, hata upepo hauzitoi. Mungu ameweka pande zote mbili, wewe ukaleta leso.

Ukimaliza kusoma, fungua huo mkono. Kesho simama mbele ya wale waliocheka, umwambie mtoto pole kwa mdomo wako, wote wasikie. Halafu mpe chaki, ukae chini, umwache achore mpaka amalize.

Kukhu wako