Mpishi wa Binamu Shomari

Binamu Shomari,

Umeniponza. Mkubwa ni mimi. Mimi ndiye niliyestahili kulala makaburini pale Mahege, na wewe uje unicheke mbele za watu kama mtani anavyopaswa. Umekimbilia nini?

Basi jana kwenye hitima yako nikatimiza utani peke yangu. Nikavaa miwani yako, nikaweka sinia la mchele mkekani, nikasimama kifua mbele kama wewe ulipokuja likizo ukanifanyia majaribio ya somo lako. Ati mimi niliyeishia la nne nikielewa, wahandisi wako wa mitambo ya jeshi hawana kisingizio. Nikaigiza sauti yako ya puani: "Prosesa ya kompyuta ni mpishi. Ana mbio, akili hana. Anapika kilichomo kwenye sinia tu, yaani kumbukumbu ya muda. Kisichomo kinafuatwa ghalani, kwenye diski, naye anakaa anangoja. Rada ikizubaa, usikimbilie kumfukuza mpishi. Tazama kwanza njia ya ghalani."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanafunzi wako, wale waliokuja na magwanda, hawakucheka. Walitoa kalamu. Mimi nakukejeli, wenzangu wanaandika.

Kisha Sajini Mwanaidi, yule mfupi uliyekuwa ukimsifu, akanyoosha mkono. "Babu, na umeme ukikatika?"

Kila ulipofika hapo nilikukatiza: "Huyo mpishi wako kaoa?" Unacheka, somo linakufa, tunakwenda kula kaa wa Kiongoroni. Jana nikageukia kiti chako nikuulize. Niligeuka kweli, watu wakaniona. Kitini pamewekwa birika la chai.

Sajini akajibu mwenyewe, taratibu: "Mwalimu alisema cha kwenye sinia kinamwagika chote. Cha ghalani kinabaki."

Nikavua miwani. Utani ukaishia hapo.

Laiti ningekuacha umalize, hata siku moja. Ningeyasikia maneno yale kwa sauti yako mbovu, siyo kwa mtoto wa watu mwenye buti.

Lala, binamu. Mola akupanulie kaburi, maana miguu yako naijua. Miwani nimemrudishia shemeji. Nikija huko nitakaa chini, utaanza upya kwa mpishi, nami nitanyamaza mpaka umeme ukatike. Naahidi. Pengine nitakukatiza mara moja tu, nijue kama alioa.

Mtani wako,
Abdu