Noko Alikula Kule

Mangobo, 3 Machi 2024

Benie mutoto wangu,

Pokea salamu nyingi kama maji ya mto Tshopo. Afya yako? Kikohozi cha mama? Huku tuko wazima, ila magoti yananiuma mvua ikikaribia. Bon, mutu aliyevuka mto Lindi na pikipiki kichwani, magoti yake yatakosa kuuma?

Réseau ya simu ya Bengamisa imekufa, donc naandika. Desturi yetu unaijua: noko, kaka wa mama, anakwenda kwanza kula nyumbani kwa bwana arusi, chakula cha kupikwa na watu wa kwao. Akisema "nilikula", binti anaenda na sanduku yake, hata bila shangazi wa kumusindikiza. Alors, mimi Anselme nasema: nilikula! Kwa Franck, karibu na barrage, lile bwawa la umeme. Mama yake mwenyewe alinipikia samaki urefu wa mlango; kichwa kilikuwa kwangu, mkia uko kwa jirani. Nilimaliza peke yangu. Baba wadogo wanane walisimama kunipa mkono.

Huyo iko mwanaume. Mbuzi yangu ya noko alinipa bila kubishana, na anaomba shangazi zako wasisumbuke na safari. Funga sanduku, Jumamosi tarehe 16 atakuja kukuchukua. Mwanamuke wa miaka thelathini na nane haposwi kila mwezi.

Noko wako,
Tonton Anselme


Bengamisa, 6 Machi 2024

Tonton,

Salamu. Mama anakohoa kidogo, cherehani yangu inatembea, tunashukuru Mungu. Barua yako niliisomea mama kwa sauti, alicheka mpaka akashika ukuta.

Tonton, ndoa hii ninaitaka, sikufichi. Watu wa chapelle wamechoka kuniombea. Ndiyo maana nauliza kitu kimoja tu: huyo mama aliyekupikia anaitwa nani?

Mutoto wako,
Benie


Mangobo, 17 Machi 2024

Benie,

Sijui kama naandikia mutu aliye hai.

Sikukujibu sababu jina la huyo mama sina. Leo tukitoka kanisani watu walisema polisi wanachimba nyuma ya nyumba ya Franck. Nilikimbia, na haya magoti. Wamekwisha kutoa wanawake wanne na bado wanachimba. Wote walikuja kuolewa, kila mumoja na sanduku yake. Miaka saba, Benie! Mutu wa sauti ya pole, anayekaa kiti cha mbele kwenye misa! Kwa familia zao alituma habari kwamba wameshuka Kinshasa na boti. Tulisimama watu mia na zaidi.

Sikula kwake. Sikufika. Mvua ilinikamata njiani, nikaingia mahali kunywa lotoko, pombe ile kali. Franck akanikuta hapo, na mbuzi akanipa hapo hapo, nikaona haya kusema sijafika. Hakuna samaki. Hakuna mama.

Jana ilikuwa tarehe 16. Wakitoa kitambaa nafunga macho, halafu nafungua niangalie kama iko mushono wako. Andika neno moja.

Anselme


Bengamisa, 21 Machi 2024

Tonton,

Niko muzima. Keti kwanza, unywe maji.

Niliposoma pale pa samaki, nilijua hujaenda. Tangu utoto wetu ukisema ulipigana na chui, sisi tunakwenda kutafuta paka. Hata hivyo nilingojea jina la huyo mama. Halikuja. Tarehe 13 nilimuchukua shangazi yangu, tantine Lucie, tukapanda pikipiki mpaka barrage, bila kukuambia. Franck hakuwa. Jirani alitutazama akauliza, "Na huyu iko wa ngapi?"

Tukasukuma mlango wa jikoni. Tonton, kulikuwa sufuria za arusi, za mabibi arusi sita. Chini ya kila moja familia ilikuwa imechora alama yake, kama sisi tunavyofanya binti akitoka kwetu. Hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na moto. Tantine Lucie alinivuta mkono mpaka kwa polisi. Mpaka leo nikifumba macho, zile sufuria zinang'aa.

Jumamosi alikuja kunichukua, na maua. Polisi walikuwa sebuleni wanakunywa chai ya mama.

Mama amekukasirikia. Anakusalimia.

Mutoto wako,
Benie


Mangobo, 2 Aprili 2024

Benie mama yangu,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Lucie. Barua yako natembea nayo mfukoni. Mbuzi nilimupeleka polisi, walinifukuza naye.

Walituita manoko wote, wale sita na mimi wa saba, benchi moja. Karibu yangu alikaa mwalimu Alfani, mzee wa kuheshimiwa. Kwao watu wakigombana wanamwita yeye, sababu hajapata kusema uongo. Aliniambia polepole, "Siku ile mguu uliniuma, ndugu. Nilisema nilikula." Wa pili alikuwa na homa. Wa tatu alikosa pikipiki. Wote sita, Benie: "Nilikula." Na nyumbani kwao kila mutu aliamini, kwa nini wasiamini?

Halafu mwalimu akanishika mkono. "Na wewe ulifanya nini, hata mutoto wako akapona?"

Wote wakageuka kunisikiliza. Maisha yangu yote natafuta watu wa kunisikiliza namna ile.

Nilikaa kimya.

Noko wako,
Tonton Anselme