Sauti ya Mama Mkwe mu Somo la Historia

Mama Bénédicte, mshauri wetu wa redio, pokea salamu kutoka mtaa wetu wa Kasenga, naomba unisaidie maana nyumba yangu imejaa furaha na bado silali vizuri.

Minye, Dorine, ni mwalimu wa historia mu sekondari hapa Uvira, na kwa kuwa vitabu vyetu ni vichache nilianza kutafuta kwenye intaneti picha, barua na sauti za zamani ambazo majumba ya makumbusho ya Ulaya yameziweka wazi kwa kila mtu, ninazipakua kwa telefone na wanafunzi wanazichunguza wenyewe, nani aliandika, alimsikia nani, alitaka nini, na darasa lililokuwa linasinzia sasa linagombania nafasi ya kuuliza. Juzi nilipata wimbo wa Kirundi uliorekodiwa kijijini Bwegera mwaka 1974, wasichana wanaimba, nyuma yao mwanamke analia, na maelezo yake yanasema: "Wimbo wa matanga. Waimbaji hawajulikani." Nikausikiliza nyumbani nikitayarisha somo, na mama mkwe wangu, Mama Pudentienne, ambaye tangu niolewe na Révérien sijamsikia akiimba kitu kisichokuwa cha kanisa, akaacha majani ya sombe jikoni, akasimama mlangoni, akaimba pamoja na telefone mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Uyo wa kwanza kuimba ni minye. Na si kilio, ni arusi."

Akanieleza kwamba wimbo unamtania bwana arusi, kwamba anatembea kama bata aliyeshiba mpunga na hajui hata kuzuia maji shambani, na bibi arusi alilia kwa sababu kwao lazima alie anapotoka kwa wazazi, lakini huyo alikuwa anacheka ndani ya kitenge, na mzungu mwenye mashine hakujua Kirundi. Nikamwomba aje darasani, akaja amevaa kitenge kipya, akaimba, akacheza, wanafunzi wakamuuliza mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka, na mmoja, Délice, akamuuliza sisi tutajuaje kama anakumbuka vizuri, nikaogopa ataudhika, kumbe alicheka akamwambia hilo ndilo swali, aende Bwegera awaulize na wengine, na siku hiyo nilifurahi kuwa mwalimu kuliko siku zote.

Shida ni shemeji yangu Gracien, mkubwa wa mume wangu, katekista, aliyesikia kwamba mama yake amecheza mbele ya watoto wa watu. Nilikuwa nimewaandikia wenye kuhifadhi ule wimbo, wamejibu kwa heshima, wanaomba jina la mwimbaji ili wasahihishe maelezo, lakini Gracien anasema jina la mama likiwekwa kwenye wimbo wa mizaha dunia nzima itamcheka, na nikilituma nisikanyage tena kwake, na Révérien ananyamaza kwa sababu anawapenda mama na kaka yake, na minye sijui, nitume ao niache?

Dorine, Kasenga

Dorine mwanangu, nimesoma barua yako nikicheka, halafu nikakasirika kidogo. Umeniambia anachosema Gracien, umeniambia mumeo ananyamaza. Mama mwenyewe anasemaje? Weye unayefundisha watoto kumtafuta yule aliyekuwapo, umekuja kuniuliza minye, ambaye mwaka huo sikujua hata njia ya kwenda Bwegera.

Uliacha namba ya nyumbani, nikapiga, akapokea mama mwenyewe. Nikamuuliza kama anataka jina lake liwekwe. Akanijibu, "Jina langu liko ku ubatizo, liko ku ndoa, liko ku karte ya kupiga kura. Ku wimbo wangu linakosa kwa nini?"

Basi, hilo limeisha. Linatumwa.

Lakini Gracien usimfanye adui. Anaogopa mama yake asichekwe, na hofu hiyo inatoka kwa upendo. Weye umemsimulia wimbo. Je, umewahi kumsikilizisha? Mwite Jumapili baada ya misa, mpikie samaki wa mikeke, mkalishe karibu na mama, uwashe telefone, halafu unyamaze. Mama ndiye amweleze kila neno, na ya bata pia. Révérien naye amenyamaza vya kutosha. Siku hiyo aseme mbele ya kaka yake kwamba mama ameamua.

Jibu la wale wanaohifadhi wimbo liandikwe hapo hapo, mlisome kwa Kirundi mpaka mama aseme ndiyo. Na uwaombe wasifute maelezo ya zamani. Waweke mapya pembeni, ili wanafunzi wako waone jinsi arusi ilivyogeuka matanga kwa sababu mtu hakuuliza.

Jambo la mwisho, na hili usilingojeshe mpaka Jumapili. Mama hakukata telefone aliponijibu. Alianza kunitajia wasichana walioimba naye, Arakaza, Niyonkuru, na binti wa fundi baiskeli ambaye jina lilimponyoka. Akaniambia ningoje, linakuja, akawa anaimba polepole ili alikumbuke, na unite za telefone yangu zikaisha angali anaimba. Nenda ukakae naye leo, telefone ikirekodi.