Boya Nililoligusa

Nyamugari, Gitega

Mjukuu wangu Rehema,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko Mwanza. Bibi yako anakusalimu. Goti lake halijapona, na sasa anaswali akiwa ameketi.

Umeniandikia kuwa kanuni za chama chenu cha mashua humtaka anayegusa boya katika mashindano azungushe mashua yake duara zima papo hapo, hata kama hakuna aliyemwona. Ukauliza: kwa nini ajiadhibu?

Tulipokuwa wakimbizi Kigoma, vijana tulishindana kwa matanga, na kanuni yetu ilikuwa hiyohiyo. Siku moja nililigusa boya. Rafiki yangu Saidi, aliyenifuata kwa mashua yake, hakuona. Sikuzunguka. Nikashinda, na kwa ushindi huo tajiri mmoja akanifanya nahodha wake. Saidi aliitamani kazi hiyo kuliko mimi. Yeye alirudi kwenye jembe.

Mwezi uliopita nilikwenda Muyinga, anakoishi sasa, nimwombe radhi. Uzee umemwondolea kumbukumbu; ya zamani bado anayo, lakini analoambiwa leo halimkai. Nilipomwambia, "Saidi, nililigusa boya," alicheka, akawaita wajukuu wake.

"Njooni mumwone huyu! Ni yeye tu aliyenishinda, tena kwa haki!"

Nilirudia mara tatu. Mara tatu alinipongeza.

Mwenyezi Mungu husamehe haki Yake. Haki ya Saidi, Saidi mwenyewe ndiye wa kuisamehe, naye hawezi tena kuelewa kuwa alidhulumiwa.

Duara lile lingenichukua dakika moja, Rehema. Leo sina pa kulizungukia.

Babu yako,
Idi